Mtoto akivunjika karibu na kiungo, usiharakishe kusema amepona

Eksirei ya mkono wa mtoto huwatisha wazazi wengi na mimi naelewa kabisa. Unaiinua kwa dirisha, unaona karibu na kifundo kuna mstari mweusi umekata mfupa kutoka upande huu hadi ule, alafu mbele ya huo mstari kuna kipande cha mfupa kimekaa peke yake. Mzazi ananiambia, "Daktari, si hapa ndio umevunjika?" Mara nyingi si hapo. Huo mstari ni gegedu, ile sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, na gegedu halionekani kwa eksirei, ndio maana panakaa peusi kana kwamba hakuna kitu. Na ni hapo hapo ndio urefu wa mtoto unatoka.

Mfupa haurefuki katikati. Hii maneno ilijulikana kitambo sana, mwaka 1727 Mwingereza mmoja anaitwa Stephen Hales alichukua kuku mchanga akamtoboa matundu mawili madogo kwa mfupa wa mguu, nusu inchi kutoka tundu hadi tundu, akamwacha akue. Baada ya miezi miwili mfupa ulikuwa umeongezeka inchi nzima na matundu bado yako nusu inchi vile vile. Maana yake nyongeza yote ilikuja kwenye ncha. Kwa binadamu pia ni hivyo, na kila ncha ina mgao wake. Gegedu la hapo juu tu ya goti huongeza kama sentimita moja kila mwaka na ndilo hutoa karibu asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja. Kwa mkono wa juu kazi kubwa inafanywa begani, karibu asilimia 80, kiwiko hakichangii sana.

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nafanya kazi hapa Eastlands, Nairobi, na shule zikifungwa watoto ndio wanajaa kwangu. Mpira kwa barabara, baiskeli za kukodisha, ngazi za ploti hazina reli, bodaboda moja imebeba watoto watatu na mikoba yao. Wengi wanaletwa plasta ikiwa imeshatolewa, ili tulegeze kiungo kilichokauka, na swali la mzazi karibu kila mara ni moja: amepona? Nikijibu swali hilo mimi hufikiria kwanza zile seli za gegedu, kwa sababu jeraha moja linaweza kuzifanya zikimbie kukua na jeraha lingine linaweza kuzimaliza, na hizo hali mbili mwanzoni zinafanana kabisa ukimtazama mtoto kwa macho. Mtoto halii, anakimbia, anacheza. Lakini huku chini ya ngozi jibu bado halijatoka, na linaweza kuchukua mwaka au zaidi kutoka. Hiyo ndio sababu ya kuandika hii.

Sasa hebu tuingie ndani ya gegedu lenyewe. Upande wa juu, ule unaoelekea kiungo, kuna seli chache zimetulia, hizi ni za akiba. Chini yake kuna seli bapa zimepangana safu safu kama chapati kwa hotpoti, hizo ndio zinagawanyika, moja inakuwa mbili, mbili nne, na safu inarefuka ikisukuma ncha ya mfupa mbele. Ukishuka zaidi seli zinaacha kugawanyika na zinaanza kuvimba, zinakuwa kubwa mara kadhaa kuliko zilivyokuwa, na huko kuvimba ndio kunaleta sehemu kubwa ya urefu. Mwishowe ukuta unaozizunguka unashika chokaa, mishipa ya damu inaingia kutoka chini ikiitwa na seli zenyewe, seli za kula zinabomoa, seli za kujenga mfupa zinaweka mfupa mpya juu ya hicho kifusi. Zamani tulifundishwa kwamba seli iliyovimba lazima ife. Tangu 2014 imeonyeshwa kwa panya kwamba baadhi hazifi, zinageuka zenyewe kuwa seli za kujenga mfupa, na mimi hiyo habari ilinifurahisha sana.

Na hizi seli zinaongea. Zile zinazokaribia kuvimba hutoa protini ambayo watafiti wanaiita Ihh, inapanda juu, na za juu zinajibu kwa kutoa nyingine inaitwa PTHrP, ambayo inashuka kuambia safu iendelee kugawanyika isivimbe mapema. Hilo lilielezwa mwaka 1996. Kwa hivyo ukigusa sehemu moja ya gegedu, sehemu ingine lazima ipate habari.

Kitu kingine cha muhimu sana: ndani ya gegedu hamna mishipa ya damu. Seli za akiba zinalishwa na damu inayokuja kutoka upande wa kiungo, kupitia kile kipande cha mfupa cha juu. Upande wa chini damu ni ya ile kazi ya kubomoa na kujenga. Mwaka 1960 daktari wa mifupa Josep Trueta na mwenzake walijaribu kwa sungura, na matokeo yake bado ndio yanatuongoza. Ukikata damu ya chini, seli hazifi, zinaendelea kujipanga na kuvimba lakini hakuna anayezibomoa, kwa hivyo gegedu linanenepa, alafu damu ikirudi ile foleni inasafishwa na mambo yanaendelea. Ukikata damu ya juu, seli za akiba zinakufa, na hapo hakuna safu tena.

Tuseme sasa mtoto amevunjika mbali na gegedu, mfano katikati ya paja, aligongwa na gari. Unaweza kudhani mguu utabaki mfupi. Kwa mtoto wa kati ya miaka 2 na 10 mara nyingi inakuwa kinyume, mguu uliovunjika unakuja kuzidi ule mzima kwa kama sentimita moja. Damu inakuja kwa wingi kuponesha mfupa na gegedu linapata sehemu yake, alafu ule utando mgumu unaofunika mfupa, ambao kwa kawaida unaushikilia kidogo usirefuke ovyo, unakuwa umechanika. Seli zinakimbia. Ndio maana daktari wa mifupa akiona mfupa wa paja wa mtoto umeungana huku ncha zimepandana kidogo anaweza kukuambia ni sawa, na si uzembe, anahesabu hiyo sentimita itakuja.

Kuna hata ile ya muundi chini kidogo ya goti, daktari wa mifupa Lewis Cozen aliiandika mwaka 1953. Mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi, minne, anapata ufa mdogo tu, unapona vizuri, alafu miezi baadaye goti linaanza kuingia ndani. Mzazi anashikwa na hofu kabisa, na wengi wa hao watoto hunyooka wenyewe ukiwapa miaka kadhaa. Nimewahi kukaa na mama mmoja hapa akitaka opresheni leo leo, ikabidi daktari amwelezee pole pole kwamba gegedu la upande wa ndani limekimbia kuliko la nje na kwamba linaweza kujirekebisha.

Kujirekebisha ni kweli kabisa, nimeona kwa macho yangu mara nyingi. Kifundo cha mkono kikiungana kikiwa kimepinda kidogo, mtoto wa miaka 7 au 8, gegedu huanza kukua kwa mwelekeo unaolirudisha mahali pake, upande huu haraka upande ule pole pole, na baada ya mwaka au miwili mkono umenyooka. Lakini hilo ni kwa kupinda tu. Mfupa ukizunguka kwenye mhimili wake, gegedu haliwezi kuuzungusha urudi, kwa hivyo usikubali mtu akuambie atakua na itajitengeneza bila kuangalia ni aina gani.

Sasa tufike kwa ile ya kutisha, ufa ukipita kwenye gegedu lenyewe. Kwa watoto hii ni kawaida kuliko watu wanavyofikiri, juu gegedu ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Mtu mzima akijipinda mguu anategua kano. Mtoto akijipinda hivyo hivyo, kano zinashika, gegedu ndilo linaachia. Kwa hivyo mtoto wa miaka kumi ambaye "ametegua tu" anastahili kuangaliwa vizuri, na wakati mwingine eksirei inaonekana safi kabisa kwa sababu ufa umepita kwa kitu kisichoonekana. Daktari mzuri hataangalia picha peke yake, atatumia kidole gumba abonyeze mfupa wenyewe, kama upana wa kidole juu ya kiungo, kando kidogo na kano. Mtoto akiruka hapo, hiyo ni gegedu mpaka ithibitishwe vingine.

Robert Salter na Robert Harris, madaktari wa Toronto huko Kanada, walipanga hizi nyufa kwa aina tano mwaka 1963 na bado ndizo zinatumika, utaona kwa karatasi ya mtoto wako imeandikwa SH 2 au Salter-Harris II. Sitazipitia zote. Kinachobeba uzito ni hiki, ufa umepita katika seli zipi. Aina ya kwanza na ya pili, na ya pili peke yake ni karibu robo tatu ya zote, ufa kwa kawaida hupita kwa zile seli zilizovimba, kwa sababu hapo ukuta kati ya seli ni mwembamba. Seli za akiba zinabaki juu, na damu yao, na wiki chache baadaye kazi imerudi. Aina ya tatu na ya nne ufa unakata gegedu lote kutoka chini mpaka kwenye kiungo. Ya tano gegedu limepondwa, na mara nyingi hakuna anayejua mpaka mfupa uache kukua.

Ni nini kinaendelea kwenye huo ufa? Watafiti wa Adelaide, Australia, walitoboa gegedu la muundi wa panya kwa drili ndogo wakafuatilia siku kwa siku. Siku za kwanza ni uvimbe tu, seli nyeupe za damu zimejaa. Alafu mpaka kama siku ya saba seli changa zinaingia kutoka kwa uboho na kujaza tundu. Kufikia wiki ya pili zile seli zimeshaanza kujenga, na hawajengi gegedu, wanajenga mfupa. Mishipa ya damu nayo imeingia mahali ambapo haikuwahi kuwa. Mwishowe unapata daraja la mfupa limefunga upande wa juu na wa chini, na hapo penye daraja hakuna kurefuka tena.

Na seli za gegedu zilizo jirani? Hizi ndizo huniuma. Zinajaribu. Mwaka 2018 Alberto Roselló-Díez na wenzake walizuia baadhi tu ya seli za gegedu kwenye mguu mmoja wa panya zisigawanyike, na zile ambazo hazikuzuiwa zikagawanyika zaidi kufidia. Mwaka huo huo maabara ya Noriaki Ono huko Marekani ilionyesha kwamba kati ya zile seli za akiba kuna seli shina zenyewe, zinazozaa safu nzima kutoka juu hadi chini, na mwaka uliofuata kundi la Andrei Chagin la Uswidi likaonyesha vile zinajitunza mtoto wa panya akifika umri fulani. Yote hayo ni panya, lakini ukiyaweka pamoja unaona wazi kwa nini pigo la chini linasameheka na la juu halisameheki. Safu ikiharibiwa, seli shina itazaa ingine. Seli shina ikienda, jirani anaweza kuongeza bidii kwenye safu yake lakini hawezi kuvuka daraja la mfupa.

Kuna msichana mmoja aliletwa kwangu akiwa darasa la nne, na si yeye aliyelalamika, ni mama yake aliona viatu. "Daktari, angalia hii soli, nimenunua Januari na upande wa nje umeisha kabisa, ule wa ndani bado mpya." Nikageuza kiatu na kweli, upande wa kidole kidogo mpira ulikuwa umelika mpaka kitambaa kinaonekana, upande wa ndani zile alama za soli bado zina ncha. Zaidi ya mwaka kabla ya hapo alikuwa ameruka kutoka kwa ukuta akaumia kile kinundu cha ndani cha kifundo cha mguu. Hospitali aliyopelekwa ikamfunga plasta, ikaitoa, ikamwambia mama amepona, na hakupewa tarehe ya kurudi. Hiyo tu ndio lawama yangu, plasta ilikuwa imefungwa vizuri.

Nikawatuma wapige eksirei mpya na nikamwomba mama aje na ile ya zamani, kwa bahati alikuwa ameiweka kwa ile bahasha kubwa ya kaki chini ya godoro. Kuna kitu ambacho ningependa kila mzazi akijue. Mtoto akipata pigo kubwa au ugonjwa mkali, mfupa husimama kukua kidogo, na ukianza tena unaacha mstari mwembamba mweupe mahali ulipokuwa. Huo mstari ni kumbukumbu. Gegedu likiendelea sawa pande zote, mstari unabaki nyuma ukiwa sambamba nalo, umbali ule ule kushoto na kulia. Kwa huyu msichana ulikuwa umeinama. Upande wa nje ulikuwa umeachana na gegedu kabisa, upande wa ndani umeshikana nalo, hakuna nafasi. Sikuhitaji mtu kunieleza. Nusu ya ndani ilikuwa imefungwa, ya nje inaendelea kukua, na mguu unasukumwa uingie ndani kila mwezi unaopita.

Nilimwambia mama aende kwa daktari wa mifupa wa watoto, si wa kawaida, na akaenda Kijabe ambako kuna hospitali ya mifupa ya watoto. Kuna opresheni ambayo Anders Langenskiöld wa Ufini aliianzisha, wanachimba lile daraja lote na kujaza pengo na mafuta ya mwili wa mtoto mwenyewe, ili mfupa usijiunge tena. Inafanya kazi daraja likiwa chini ya nusu ya gegedu na mtoto bado ana miaka kama miwili au zaidi ya kukua. Ukichelewa, kinachobaki ni kusimamisha upande mwingine, au kukata na kunyoosha, au kurefusha mfupa kwa zile fremu za vyuma. Huyu alikuwa bado na muda kwa sababu mama yake anaangalia viatu.

Mambo mawili yananikera na nitayasema. Moja ni kukandwa. Najua kila mtaa una mtu wa kukanda mifupa na wengine ni wazee wenye heshima, lakini gegedu lililoachia halafu likavutwa na kusuguliwa linaumizwa mara ya pili, na safari hii pigo linaweza kufika kwa seli za akiba. Hata madaktari wenyewe wanajichunga hapa, mfupa ukiwa umekaa zaidi ya wiki moja hivi, siku kumi, hawapendi kuuvuta tena kwa nguvu, wanaona afadhali upinde kidogo na gegedu libaki salama. Kwa hivyo peleka mtoto siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. La pili ni kalisiamu. Mtoto mwenye daraja la mfupa hasaidiki na vidonge vya kalisiamu, hata umpe kopo zima, na pesa hizo ndizo zingelipa eksirei.

Kwa hivyo ukiwa hapo hospitali na plasta inatolewa, uliza kwanza kama ufa ulipita kwa gegedu, na kama ulipita ni aina gani. Alafu omba tarehe ya kurudi, miezi sita baadaye na tena mwaka ukiisha, hata mtoto akiwa anakimbia. Akiwa ameumia juu tu ya goti ongeza bidii, kwa sababu hapo takriban nusu ya watoto hupata shida ya ukuaji. Eksirei ya kufuatilia ipigwe miguu yote miwili ama mikono yote miwili, ili ule mzima uwe wa kulinganishia. Ukipewa kwa CD, mwambie mtu akutolee picha uweke kwa simu pia, na filamu za zamani usizitupe mpaka mtoto amalize kukua, ambayo kwa wasichana ni karibu miaka 14 na wavulana 16.